Kituo cha soka cha watoto Ngamiani: majina makubwa na walimu wazuri

Mzazi wa Tanga anayetafuta mahali pa kumpeleka mtoto kujifunza mpira kwa kawaida huuliza kwanza ni nani aliyewahi kuichezea Coastal Union au African Sports. Kituo ninachokitathmini hapa, ambacho hufanya mazoezi yake alasiri katika uwanja wa shule moja ya Ngamiani, kinajinadi kwa jambo hilohilo: walimu wake ni wachezaji wastaafu wa mjini, na baadhi yao wamerudi katika klabu zao za zamani kusaidia timu za vijana.

Thamani ya ada iko katika kundi la wadogo, wenye umri wa miaka 8 hadi 11. Mwalimu wao ni beki wa kushoto wa zamani ambaye hakuwa na jina kubwa, wala hasimulii habari za enzi zake mpaka aulizwe. Baada ya kutundika daluga alisomea ukocha, na kisomo hicho kinaonekana uwanjani. Mtoto hufundishwa kutazama nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, kisha aupokee kwa mguu ulio mbali na mpinzani. Akikosea, zoezi husimamishwa, kosa huonyeshwa kwa vitendo, na mtoto yuleyule hurudia hadi apatie. Uwanja una mashimo, lakini mwalimu huyu ameyageuza kuwa sehemu ya somo, akiwazoeza watoto kukadiria mpira utadundia wapi. Sijamsikia akimtukana mtoto, jambo ambalo kwa viwanja vyetu si dogo.

Kundi la miaka 12 hadi 15 liko chini ya mtu ambaye jina lake bado linatajwa katika vijiwe vya kahawa, na ndilo linalowavuta wazazi wengi. Anaupenda mchezo, hilo halina ubishi. Hata hivyo, mazoezi yake mara nyingi ni mechi ya pande mbili, naye yuko pembeni akipaza sauti kwamba mpira upelekwe haraka, bila kumweleza kijana aupeleke wapi wala kwa sababu gani. Nadhani alijaliwa kipaji kikubwa kiasi kwamba hakuwahi kulazimika kuyafafanua aliyokuwa akiyafanya.

Tofauti hiyo haiko Ngamiani peke yake. Frank Lampard ndiye mfungaji bora wa muda wote wa Chelsea, kwa mabao 211, lakini alipokabidhiwa timu hiyo mwaka 2019 alikuwa na msimu mmoja tu wa ukocha, na Januari 2021 akaondolewa. Edwin van der Sar, kipa wa zamani wa Ajax ya Uholanzi, alisomea uongozi wa michezo na kuanzia kazi katika idara ya masoko ya klabu hiyo kabla ya kuwa mkurugenzi mtendaji wake mwaka 2016. Hapa kwetu, Juma Mgunda, aliyeichezea Coastal Union, alirudi kuifundisha na kuifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2022, ambapo Wagosi wa Kaya, kama Coastal wanavyoitwa, walitoka sare ya 3-3 na Yanga mjini Arusha kabla ya kushindwa kwa penalti. Septemba ya mwaka huo Simba ikamchukua. Heshima aliyoipata akiwa mchezaji huenda ilimfungulia mlango, lakini Simba haikuwa ikitafuta mshambuliaji wa zamani.

Kwa upande wa huduma nyingine, mipira ni michache kwa idadi ya watoto, maji ya kunywa mtoto huja nayo, na viatu vya njumu si sharti kwa wadogo. Ada hulipwa kila mwezi, na wenye watoto wawili hupunguziwa wakiomba kwa adabu.

Mwenye mtoto wa chini ya miaka 12 nampendekezea kituo hiki bila kusita. Mwenye kijana mkubwa aombe kwanza kuyatazama mazoezi ya siku moja, na asione haya kumuuliza mwalimu amesomea ukocha wapi. Mzazi wa kipa asubiri, kwa kuwa hadi sasa walinda mlango hawana mwalimu wao, nao hutumia sehemu kubwa ya alasiri wakiokota mipira inayopita nyuma ya goli.