Uzoefu wangu na Django: fildi mbili zilipogombania jina moja

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitumia Django, mfumo wa Python wa kutengenezea programu za wavuti, kutengeneza daftari la kompyuta la mashua zinazovusha watu baina ya Mkokotoni na kisiwa cha Tumbatu, Zanzibar. Modeli zangu kuu, yaani maelezo ya aina za taarifa zinazohifadhiwa, ni mbili, Mtu na Safari. Safari moja hubeba watu wengi na mtu mmoja huenda safari nyingi, kwa hiyo uhusiano wao ni wa wengi kwa wengi, na Django yenyewe huunda jedwali la kati la kuuhifadhi.

Mwanzo modeli ya Safari ilikuwa na fildi (sehemu ya taarifa) ya mabaharia pekee iliyoelekea kwenye Mtu. Siku niliyoongeza fildi ya abiria, nayo ikielekea kwenye Mtu huyohuyo kwa kuwa baharia wa leo ndiye abiria wa kesho, programu ilikataa kuwaka na kutoa kosa la fields.E304. Usipotaja jina la kutazamia uhusiano kutoka upande wa pili, Django hulitunga kwa jina la modeli likifuatwa na _set, hivyo fildi zote mbili ziligombania safari_set. Ninapenda kwamba ukaguzi huu hufanyika kabla ya seva kuanza, na ujumbe wenyewe hukuelekeza kwenye dawa, yaani related_name, mahali pa kuandika jina hilo mwenyewe.

Ingetosha kuipa jina fildi moja, lakini nilizipa zote mbili, safari_za_kazi na safari_za_abiria, maana safari_set ingemwacha atakayenirithi akibahatisha. Hapo haraka yangu iliniponza. Jina hilo hubadilisha pia neno la kuchujia, kwa hiyo maulizo yangu ya zamani yaliyoandikwa safari__tarehe yaligoma. Kosa la namna hii halionekani katika ukaguzi wa mwanzo bali ulizo linapotekelezwa, na kwangu lilijitokeza mbele ya mwenye mashua aliyekuja kutaka hesabu ya mwezi. Ningeweka related_query_name, inayotaja neno la kuchujia peke yake, na kubakisha neno la zamani, nisingeaibika. Data haikuguswa, kwani badiliko hili la jina huzaa faili la migresheni (maelekezo ya kubadili hifadhidata) bila kubadili jedwali.

Uhusiano usiohitaji kuutazama kutoka upande wa pili, uwekee alama ya '+' tu kwenye related_name.

Kero iliyobaki ni ya wingi: ukurasa wa usimamizi huongeza “s” ya Kiingereza, nikapata “Safaris” na “Mtus” mpaka nilipojaza verbose_name_plural, jina la wingi la modeli. Mwenye mashua aliisamehe hesabu iliyochelewa, lakini “Mtus” anaicheka hadi leo.