Tathmini ya Etymonline kwa Kipimo cha Neno "Nice"

Anayetaka kujua neno la Kiingereza limetoka wapi, na hana fedha za kulipia kamusi kubwa ya Oxford, atahudumiwa vizuri na Online Etymology Dictionary, tovuti iliyoasisiwa na Mmarekani Douglas Harper na ambayo wengi huiita Etymonline. Kuisoma ni bure.

Nimeipima kwa neno "nice", ambalo hata mtoto wa shule ya msingi analijua, na pengine ndiyo maana watu wazima hawajisumbui kulitafuta. Kidahizo chake, yaani sehemu ya kamusi inayolieleza, kinaanzia mwishoni mwa karne ya 13, neno hili lilipoingia kutoka Kifaransa cha kale likiwa na maana ya mpumbavu. Kifaransa nacho kililirithi kutoka Kilatini, "nescius", yaani asiyejua: "ne" ya kukanusha, na "scire", kujua. Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa "science", kwa hiyo maneno mawili ambayo hakuna ambaye angeyadhania undugu yamechipuka katika shina moja. Kutoka upumbavu maana ilihamia kwenye woga, ikapita kwenye tabia ya kuchaguachagua na kwenye ulaini, ikafika kwenye usahihi na uangalifu katika karne ya 16. Maana ya kupendeza, tunayofundishwa shuleni kana kwamba ndiyo pekee, inawekewa mwaka 1769, na ile ya wema wa mtu 1830.

Faida ya maelezo hayo huonekana katika kufasiri. Anayekutana na "a nice distinction" katika maandishi ya sheria au falsafa, akaandika "tofauti nzuri", amepotosha hoja nzima, kwa kuwa kinachosemwa ni tofauti ndogo inayohitaji jicho kali kuitambua. Maneno yaliyotoka kwetu yamo pia: "safari" inatajwa kuwa ya Kiswahili, kisha inafuatiliwa hadi Kiarabu.

Hata hivyo, tovuti hii inamtaka msomaji mwenye subira. Mwaka ulioandikwa kando ya neno ni wa maandishi ya kwanza yaliyosalia, wala si wa siku neno lilipoanza kutamkwa, na anayelisahau hilo atadai mengi yasiyo na ushahidi. Kinyota kilichowekwa mbele ya mzizi, yaani umbo la kale ambalo neno limetokana nalo, kina maana kwamba wataalamu wameukisia kwa kulinganisha lugha, bila kuukuta umeandikwa popote. Mgeni anaweza kukipita bila kukitilia maanani. Kuhusu matumizi ya leo, msaada ni mdogo: sentensi za mifano ni chache, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani hataoneshwa "nice" hufuatwa na kihusishi gani. Kwa haja hiyo ni afadhali afungue kamusi ya mtandaoni ya Merriam-Webster, ambayo pia haina malipo na humsikilizisha matamshi.