Jibini ya tosti: ipi ununue Dodoma, ipi uiache dukani

Jibini ya kuyeyusha juu ya mkate huchaguliwa kwa umri na unyevu wake kabla ya jina au bei. Ikiwa kavu na ya zamani hutoa mafuta na kubaki na chembechembe. Ikiwa ni ile iliyogandishwa kwa siki au limao, haiyeyuki hata ukiipa moto saa nzima. Inayofaa ni ya katikati: imekaa miezi michache tu, ukiibonyeza inanesa kidogo, na ukiikata haimeguki.

Kwa hiyo ya kwanza kwetu ni Gouda changa, ya kipande. Huyeyuka sawasawa, haivutiki mno, na ladha yake ina utamu wa maziwa. Ya pili ni Cheddar isiyokomaa sana. Ina ladha kali zaidi, lakini haivumilii moto: ukipitiliza, protini zake hujikaza na kukamua mafuta, ukabaki na dimbwi la njano juu ya slesi. Kama dukani ipo Cheddar ya zamani tu, inunue, kisha uichanganye na nusu slesi ya jibini ya kusindika iliyochanwachanwa. Chumvi maalumu zilizomo kwenye hiyo slesi hushikanisha mafuta na maji.

Mozzarella kavu, ile ya kipande, tunaiweka ya tatu. Inavutika vizuri ila ni pooza. Ichanganye nusu kwa nusu na Cheddar. Ile laini inayouzwa ndani ya maji iache, italowesha mkate.

Slesi za kusindika ni za nne. Hazikuangushi, na watoto wanazipenda, lakini soma viambato kwanza. Kama mafuta ya mimea yametajwa mwanzoni na maziwa yako mbali chini, hiyo si jibini, na nyingine huungua kabla ya kulainika. Ya mwisho ni jibini iliyokwaruzwa tayari kwenye pakiti. Hupakwa wanga ili isigandane, na wanga huo ndio unaoifanya iwe kavu na yenye ungaunga ikiyeyuka.

Feta, paneer na halloumi ni nzuri kwa kazi nyingine. Parmesan itumie kidogo tu kuongeza ladha.

Dukani, geuza kipande ukiangalie chini. Jibini nyingi hufika Dodoma kwa barabara, kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, au Njombe kupitia Iringa, na joto la njiani huacha alama. Matone ya mafuta chini ya plastiki yanaonyesha ilipata joto ikapoozwa tena. Pakiti iliyovimba usiichukue. Nenda na kibegi cha baridi, hasa Oktoba na Novemba.

Nyumbani, iweke kwenye friza dakika 15 kabla ya kuikwaruza; ikiwa na joto inapakaa kwenye kikwaruzio na kutoka madonge. Tumia matundu makubwa, yale ya karoti. Gramu 40 zinatosha slesi moja, yaani kipande cha gramu 250 kinatoa slesi sita. Ikishakwaruzwa, iache mezani dakika tano ipoteze ubaridi. Ikienda motoni ikiwa baridi, kingo za mkate zinaungua katikati bado haijayeyuka.

Usiweke jibini juu ya mkate mbichi. Kausha upande mmoja kwenye kikaango, moto mdogo, dakika mbili, geuza, kisha tandaza jibini juu ya upande uliokauka mpaka kingoni. Funika dakika tatu hadi nne. Kwenye jiko la mkaa, tumia mfuniko wa bati na upalie makaa machache juu, kama unavyopalia wali. Ondoa mara tu chembe za mwisho zinapopoteza umbo. Zikianza kutoa mapovu makubwa umechelewa.

Ukitaka ya kupaka, chukua gramu 100 za Gouda iliyokwaruzwa, kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi (si unga wa ugali), na vijiko viwili vya chakula vya mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma. Koroga kwenye moto mdogo mpaka iwe laini. Asidi ya zabibu hukamata kalsiamu inayozishikilia protini, ndiyo maana haikatiki. Asiyetumia mvinyo aweke maji kiasi kilekile na nusu kijiko cha chai cha limao.

Inayobaki, funga kwa karatasi ya kuokea kisha kwenye chombo chenye mfuniko. Au ikwaruze yote, uigawe mafungu ya gramu 40 na kuyagandisha. Yanakaa miezi miwili. Umeme ukikatika yakalainika, usiyagandishe tena, yatumie ndani ya siku mbili au tatu yakiwa kwenye friji.