Polk RC60i kwenye dari ya nyumba ya Tanga

Nyumba ikiwa Raskazone, karibu na maji, spika ya darini huuawa na chumvi kabla ya kuuawa na sauti kubwa. Hapo ndipo Polk RC60i inapojipatia alama. Koni yake (kile kifuniko kinachotikisika kutoa sauti) ya inchi 6.5 ni ya polima na ukingo wake ni wa mpira. Koni ya karatasi hunywa unyevu wa pwani ikalegea, na ukingo wa sponji humomonyoka.

Kwa sauti ya mtu, iwe kisomo, kaswida au taarifa ya habari, ni spika safi sana. Taarab za zamani za Black Star zinapendeza: mwimbaji anatangulia, magitaa hayamfuniki. Twita, kispika kidogo cha sauti nyembamba, ya inchi 1 inageuzwa kwa kidole ielekezwe kwenye makochi. Usiiache ikitazama sakafu.

Udhaifu wake ni besi, na nyumba zetu zinauongeza. Spika hii iko wazi kwa nyuma, na kuta nyingi za ndani huishia usawa wa dari, kwa hiyo sauti hupanda chini ya bati na kushukia chumba cha jirani. Dawa ni kasha la plaiwudi ya milimita 12, ndani sentimita 30 kwa 40 kwa 25 (lita 30), lenye pamba ya kuzuia sauti na silikoni kwenye maungio. Besi hukaza, na mijusi na panya hawaingii. Kasha lishikwe na mbao za paa, lisiilalie jipsamu.

Sebule ya mita 4 kwa 5 inatosheka na spika mbili, zikiachana mita 2.5 hivi na kukaa walau sentimita 60 kutoka ukutani. Panda kwanza darini utazame branda (mbao zinazoshika dari) zilipo, ndipo uchore kwa karatasi ya kigezo iliyo kwenye boksi na kukata kwa msumeno wa jipsamu. Makucha yanayobana dari yakazwe kwa bisibisi ya mkono. Drili huyavuta kupita kiasi, jipsamu ikapasuka na spika ikaanza kukereza.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unafaa hadi mita 15. Zaidi ya hapo weka 2.5. Uwe mbali na nyaya za umeme kwa sentimita 30, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba.

Kinachounguza amplifaya ni hesabu. Kila spika ina ukinzani wa ohm 8. Mbili zikiungwa sambamba (chanya zote pamoja, hasi zote pamoja) kwenye cheneli moja, yaani tundu moja la kutolea sauti, zinabaki 4, nne zinabaki 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi 2: hupata moto, hujizima, mwishowe huungua. Ukitaka vyumba vinne, nunua amplifaya yenye cheneli za kutosha. Spika za msikitini za volti 100 ni mfumo mwingine. Usizichanganye na hizi.

Kabla ya kufunga wavu, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja kwenye ncha za waya upande wa amplifaya, chanya kwa chanya. Koni zote zisogee kuelekea chini. Moja ikirudi juu, waya wake umepinduka, na besi chache iliyopo itapotea. Wavu unapakwa rangi ya dari. Upulizie kidogo kidogo ukiwa umeuvua, matundu yasizibe.