Gentoo kwa Watu wa Mtwara: Kwa Nini Wengine Wanakubali Kusubiri

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni, na hasa ninyi mlioko huku kusini, Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Masasi. Leo mezani ipo Gentoo, distro (toleo la mfumo endeshi) ya Linux ambayo kwa kawaida haikuletei programu zikiwa tayari. Inakuletea msimbo, halafu mashine yako yenyewe ndiyo inaukompaili, yaani inaugeuza kuwa programu. Toleo lake la 1.0 lilitoka Machi 2002, na swali halijabadilika tangu hapo: kwa nini mtu asubiri masaa kadhaa kupata kitu ambacho Debian, distro inayoleta programu zikiwa tayari, inakiweka kwa dakika moja?

Niseme mapema: si kwa ajili ya kasi. Mtu akikwambia Gentoo itafanya laptopu yako ya zamani ikimbie kama mpya, usimsikilize. Kukompaili kwa `-O2 -march=native`, maagizo ya kujenga programu kwa ajili ya prosesa yako hasa, kunasaidia kidogo kwenye kazi nzito, kama kubana video. Kwenye kuandika barua na kufungua tovuti, hutaona tofauti. Wanaoipenda wanaipendea kitu kimoja: wao ndio wanaoamua nini kiingie kwenye mashine na nini kibaki nje.

Sogeeni muone skrini. Nimeandika `emerge -pv media-video/mpv`. `emerge` ni amri ya Gentoo ya kuweka programu, na mpv ni kicheza video. Hiyo `p` inasema "nionyeshe tu, usijenge", na `v` inasema "nipe kila kitu". Angalia mstari wa USE, orodha ya bendera, yaani swichi za kuwasha au kuzima sehemu za programu. Maneno mekundu yamewashwa. Ya bluu yenye alama ya kutoa mbele yake yamezimwa. Kuna bluray, kuna dvb ya kunasa televisheni, kuna cdda ya diski za muziki. Laptopu yako haina hata mahali pa kuweka diski? Fungua faili `/etc/portage/package.use/mpv`, andika `media-video/mpv -bluray -cdda -dvb`, kisha rudia amri. Maktaba ya Blu-ray haiji tena, kwa sababu hakuna anayeiita. Ni kama fundi cherehani anapokuuliza mfuko mmoja au miwili, mkono mrefu au mfupi, kabla hajakata kitambaa.

Mashine ya steshenari inahitaji kuchapa na kuskani, basi. Kwenye `/etc/portage/make.conf`, faili la mipangilio ya mashine nzima, weka `USE="cups scanner -bluetooth -gnome"`, na uamuzi huo unashika kila kifurushi chenye bendera hizo. Ila jamani, msianze na `USE="-*"`. Wageni wengi wanavutiwa nayo, wanadhani ndiyo usafi. Inafuta hata bendera ambazo profaili, yaani mipangilio ya msingi ya Gentoo, imeziwasha kwa sababu za msingi, na utatumia wiki nzima kutafuta kwa nini hiki hakifunguki na kile hakijengeki.

Sasa tuje kwenye kusubiri kwenyewe, maana hapa ndipo watu wanapokata tamaa, na mara nyingi tatizo ni RAM. Hesabu yake: kila kazi moja ya kukompaili itengewe GB 2. Prosesa ina nyuzi nne (yaani inafanya kazi nne kwa wakati mmoja) na RAM ni GB 8, kwenye `make.conf` ile ile andika `MAKEOPTS="-j4 -l4"`. RAM ni GB 4, andika `-j2` (kazi mbili kwa pamoja), hata kama nyuzi ni nane. Ukizidisha, katikati ya kifurushi kikubwa utaona `Killed signal terminated program cc1plus`. Msimbo hauna kosa. Kumbukumbu imejaa, kerneli ikaiua kazi. Kwa vifurushi vizito kama qtwebengine (injini ya kivinjari), tengeneza `/etc/portage/env/polepole.conf` yenye `MAKEOPTS="-j1"`, halafu kwenye `/etc/portage/package.env` andika `dev-qt/qtwebengine polepole.conf`. Vingine vyote vinaendelea na kasi yao.

Joto la pwani yetu nalo si la kupuuza. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe, na kazi ya saa moja inakuwa ya mbili. Safisha feni, inua laptopu isikae kwenye kitambaa, jenga usiku.

Umeme ukikatika? Hofu hii ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Portage, mfumo wa vifurushi ulio nyuma ya `emerge`, inajengea kwenye `/var/tmp/portage`, na haigusi mfumo unaotumia mpaka kifurushi kimekamilika. Umeme ukirudi, andika `emerge --resume`. Vilivyokwisha havirudiwi; kile kilichokuwa katikati ndicho kinaanza upya. Hatari ipo kwenye zile sekunde za kunakili faili mahali pake, hasa kifurushi kikiwa glibc (maktaba ambayo karibu kila programu inaitegemea) au gcc (kikompaili chenyewe). Hivyo viwili visubiri betri iwe imejaa.

Bando pia lina dawa. Msimbo wa Firefox peke yake ni mamia ya MB. Tumia `emerge --fetchonly -uDN @world`, inayoshusha tu msimbo wa masasisho ya programu zako zote, wakati wa bando la usiku, faili zikae kwenye `/var/cache/distfiles`, kisha ujenge bila intaneti. Folda hiyo unaweza hata kumpa jirani kwa flashi.

Na tangu Desemba 2023 Gentoo yenyewe inatoa vifurushi vilivyokwisha kujengwa. Kwenye `make.conf` weka `FEATURES="getbinpkg"`: bendera zako zikilingana na zao, kinashushwa tayari; zikitofautiana, mashine inajenga. Mimi naona hii ndiyo njia inayofaa kwa anayeanza. Acha vifurushi vizito kama LibreOffice na Rust vije tayari, ujenge vile unavyotaka kuvibadilisha.

Mwenye mashine tatu dukani ana faida zaidi. Ile yenye nguvu iwe na `FEATURES="buildpkg"`, kila inachojenga kihifadhiwe `/var/cache/binpkgs`, na nyingine zichukue humo kwa `emerge -k`. Lakini ukiacha `-march=native` kwenye ile ya kujengea, na nyingine zina prosesa za zamani, programu zitafunguka na kufa papo hapo na ujumbe `Illegal instruction`. Badilisha iwe `-march=x86-64-v2`, kiwango cha pamoja cha prosesa nyingi, ukishahakikisha kwamba zote tatu zinaikubali, kisha ujenge upya kila kitu kwa `emerge -e @world` kabla hujazigawia. Anza Ijumaa jioni, duka likishafungwa.