Unataka saundi ya soul na funk za zamani? Panga hela yako hivi, mdau wa Arusha na Moshi

Wadau, machalii wengi hapa Chuga wakianza kurekodi nyumbani hela yote inaishia kwenye maiki kubwa ya kondensa (ile nyeti inayonasa hata sauti ndogo) na laptop yenye nguvu, halafu wanashangaa mbona ngoma inatoka kali kama tangazo la redio na siyo ile saundi ya Detroit na Memphis kule Marekani miaka ya 60. Kiukweli ile saundi haikutoka kwenye kifaa kimoja. Ilitoka kwa wapigaji waliokaa chumba kimoja, wanapiga kwa pamoja, maiki chache, na vyombo vilivyofungwa visilie sana juu. Hata bendi zetu za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania zama hizo zilipiga hivyo hivyo, bendi nzima kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo mi napanga hela kuanzia kwenye chombo kwenda kwenye mashine, na namba hizi nimezipanga kwa mtu mwenye hela kidogo anayenunua kimoja kimoja.

Namba 1: nyuzi za besi za flatwaundi

Najua hukutegemea nyuzi zikae juu ya maiki lakini nisikilize. Hizi ni nyuzi ambazo waya wake wa nje ni bapa, ukipitisha kidole husikii ule mkwaruzo, na noti inatoka nzito, fupi, imekaa chini. James Jamerson, yule wa besi za Motown, lebo ya soul ya Detroit, alipiga Fender Precision ya 1962 yenye nyuzi za aina hii za La Bella, nene kweli, alikuwa habadilishi mpaka ukatike, na alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada. Chini ya kile kifuniko cha chuma pale kwenye daraja kulikuwa na sponji inayobana nyuzi zisilie muda mrefu. Sasa hiyo sponji we huhitaji kuinunua popote, kata kipande cha sponji ya godoro, chomeka chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja, piga, kama bado inalia ongeza unene, ukisikia noti inasema "dum" halafu inakufa yenyewe hapo umefika. Kitufe cha toni kwenye gitaa la besi shusha nusu. Halafu chomeka moja kwa moja kwenye saundi kadi (kile kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta), usihangaike na spika, maana hata Motown besi iliingizwa moja kwa moja kwenye miksa.

Ukiulizia nyuzi madukani hakikisha ni flatwaundi kweli, maana ukisema tu nyuzi za besi utapewa za raundi, zile za kawaida zenye waya wa duara. Ukizikosa hapa agiza Kariakoo au Nairobi, mzigo unakuja na basi. Bei yake ni kubwa kuliko za kawaida ila zinakaa miaka, na kadiri zinavyozeeka ndo zinazidi kuwa tamu.

Kwenye dramu wala usinunue kitu. Weka kitambaa juu ya snea (ile dramu ndogo yenye mlio mkali), au waleti, Al Jackson Jr., mpiga dramu wa Memphis, alikuwa anaweka waleti yake pale na ndo ule mlio mkavu unaousikia. Chumba kama kina kuta za saruji na vigae chini chukua mablanketi ya mtumba, Memorial pale Moshi au Kilombero, tundika mawili matatu nyuma ya mpigaji.

Namba 2: Shure SM57

Hii ilitoka 1965 na mpaka leo inatengenezwa, huko Marekani ni kama dola 100 hivi. Ni maiki ya dainamiki, yaani siyo nyeti kama kondensa, inasikia mpaka kilohezi 15 tu, yaani ile michirizi ya juu kabisa haichukui, na hicho ndo tunachokitafuta. Kondensa ya bei rahisi inafanya kinyume, inachonga juu mpaka visahani vya dramu vinachoma masikio, na kwa nyumba zetu hizi inachukua mvua kwenye bati, mbwa wa jirani na bodaboda zote za Sakina. Ndo maana kondensa sijaiweka kabisa kwenye orodha, kama unayo tayari itumie mbali na chombo, ila usiinunue kwa kazi hii.

Ukiwa na SM57 mbili dramu nzima inatosha. Moja weka juu ya bega la mpigaji ikiangalia snea, nyingine mbele ya besi dramu, basi. Ukiona visahani vinazidi usikimbilie ikyu (kupunguza sauti za juu kwenye kompyuta), mwambie mpigaji apige visahani taratibu na snea kwa nguvu. Kwenye kuimba na gitaa ni maiki hiyo hiyo.

Tahadhari kubwa, feki ni nyingi sana, za SM57 na SM58 zote, na boksi linafanana. Nenda na mizani ndogo ya dijitali ya jikoni: SM57 halisi ina gramu 284, SM58 ina gramu 298. Ikiwa nyepesi sana iache. Ikiwa uzito uko sawa bado haijathibitika, ijaribu kwa sauti kabla hujalipa, na muuzaji asiyekubali uijaribu achana naye.

Namba 3: maiki ya riboni

Hapa sisi wa huku kaskazini tuna bahati ambayo hatuitumii. Matarumbeta! Makanisa ya Kilutheri Moshi na Arusha yana vijana wanaopiga tarumbeta tangu wadogo, harusini unawasikia kila Jumamosi, halafu mtu anakaa kwenye kompyuta anatafuta sampo (kipande kilichorekodiwa tayari) ya honi za Kimarekani. Waite hao vijana watatu, wape rifu fupi ya noti nne, rekodi.

Riboni ndani yake ina utepe mwembamba sana wa aluminiamu, na kwa asili yake inalainisha juu, tarumbeta inatoka nono bila kuchoma. Za bei ya chini zipo kama MXL R144. Inasikia mbele na nyuma, ubavuni haisikii, kwa hiyo wawili simamisha huku, mmoja kule, anayesikika sana arudi hatua nyuma. Mlinganyo ufanyeni kwa miguu, maana wakiwa kwenye maiki moja baadaye hutaweza kuwatenganisha. Usiipulizie upepo, na kitufe cha volti 48 kwenye saundi kadi (umeme wa kulisha maiki za kondensa) kizime kabla hujachomeka, waya mbovu na umeme huo vinaweza kuuharibu ule utepe. Mlio wake ni mdogo kwahiyo gaini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) utaifungua sana, kwa tarumbeta haina shida ila kwa mwimbaji wa sauti ndogo saundi kadi ya bei rahisi itakuletea mvumo.

Namba 4: plagini ya tepu

Usinunue. Plagini ni programu ndogo ya kwenye kompyuta, hii inaiga mlio wa tepu, na CHOW Tape Model ni ya bure, ToTape ya Airwindows nayo bure. Weka kidogo kwenye dramu na besi, ile ncha kali ya mwanzo wa mpigo inalainika. Hela ya plagini ongezea kwenye riboni.

Namba 5: mashine ya tepu yenyewe

Naipenda sana na bado naiweka mwisho. Daptone, lebo na studio ya soul kule Brooklyn, Marekani, walitumia mashine ya treki 8 (njia nane za kurekodi) na dunia nzima ikawasikia, sehemu ya albamu ya mwimbaji wa Uingereza Amy Winehouse ya 2006 ilirekodiwa kwao, lakini wale walikuwa na bendi iliyoiva kwanza. Kwetu tepu mpya ni za kuagiza, vichwa vya kurekodi na kusoma tepu vinataka kusafishwa kwa spiriti safi kila mara, mikanda inachoka na fundi wa kuijua ni wa kutafuta. Ukiikuta inauzwa soma kibandiko cha nyuma: ikiwa ni ya Marekani, volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), transfoma itakutatulia volti tu. Zile ambazo mota yake inafuata hezi za umeme zitazunguka taratibu kwenye hezi 50 zetu, na tepu iliyorekodiwa kwingine ikipigwa humo itashuka ufunguo. Muulize muuzaji hilo kabla ya bei.