Mahamri ya Kibokoni, baada ya Mama

Nimekaa miezi mitatu sijatia mguu pale. Kila asubuhi nikishuka feri ya Likoni nilizunguka kwa njia nyingine hadi duka la leso, Biashara Street, nisije nikaona karai la Mama, muuza mahamri, limeshikwa na mkono mwingine. Wiki iliyopita nikajikaza nikaenda.

Kwa asiyepajua: ni baraza ya nyumba tu katika Mji wa Kale, Mombasa, haina bango wala jina. Meza moja, mabenchi mawili, jiko la makaa. Ukitoka Ngomeni, yaani Fort Jesus, shika Ndia Kuu, kisha ingia vichochoro vya Kibokoni uulize pa mama wa mahamri. Bado watu wanapaita hivyo, ingawa mwenyewe tumemzika.

Sasa anapika binti yake mkubwa. Nianze na mbaazi, kwa sababu hizo ndizo nilizokuwa nikiziogopea. Zimesimama vile vile. Hurowekwa usiku, zikachemshwa alfajiri mpaka zikaiva bila kupasuka. Tui jepesi hutangulia pamoja na kitunguu, bizari na pilipili mbichi. Tui zito huja mwisho. Nilisimama nikamtazama akilimimina. Moto aliupunguza kwanza, akavuta makaa mawili nje kwa koleo, kisha akakoroga kwa upawa polepole asiliache likakatika. Nazi anakuna mwenyewe kwa mbuzi. Tui la pakiti halikuwahi kuingia nyumba ile, na halijaingia bado.

Mahamri ndiyo yenye neno. Ya karai la kwanza yalikuwa yamefura vizuri, ukilichana moja liko wazi ndani na hiliki inakupanda puani. Ya karai la pili yalikuwa mazito, unga haukupata muda wa kuumuka. Nilimwambia, maana mama yake angetaka nimwambie. Akakubali. Usiku ule baba yake hakulala, naye akachelewa kukanda.

Hapo nikanyamaza, kwani habari hiyo naijua. Mzee alipooza upande mmoja miaka mingi nyuma. Kila ikifika saa mbili asubuhi, Mama alikuwa akiepua karai, anapanda ngazi na kikombe cha uji, anamlisha, anambadilisha kikoi, ndipo anarudi. Wateja tumejaa, wengine tumeshachelewa kazini. Mgeni mmoja aliwahi kunung'unika. Mama akamwambia, "Nisubiri kidogo mwanangu, mwenye nyumba hajala." Yule bwana aliketi, na kesho yake alirudi.

Wala asidhani mtu kwamba upole ule ulikuwa ulegevu wa biashara. Mbaazi alinunua kwa gunia Kongowea wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa hivyo zikipanda sokoni bakuli lake halikupanda. Mauzo aliyagawa katika mikebe miwili ya maziwa ya unga: mmoja wa mtaji, mmoja wa nyumba. Karo za watoto wanne zilitoka mkebe wa nyumba. Ule wa mtaji hakuugusa hata maji yalipomfika shingoni. Mimi niliajiriwa nikiwa msichana wa miaka 19, mshahara ukiisha tarehe 10. Yeye ndiye aliyenipa mikebe yangu ya kwanza, mitupu, imeoshwa.

Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa kwa ajili ya korona, hakuna kuingia wala kutoka, na mikahawa ikaamrishwa kufunga. Ilikuwa Ramadhani. Mama alizima jiko la barazani akahamia jikoni kwake, na kabla ya magharibi wanawe walikuwa wakipeleka sahani za kaimati mlango kwa mlango kwa majirani waliokuwa wamekosa vibarua. Mimi nilikuwa ng'ambo, Likoni. Hayo nimehadithiwa na waliokula.

Kwa hivyo nasema nendeni, na mwende mapema, kabla ya saa moja na nusu, mpate karai la kwanza. Chukueni chombo chenu ikiwa mnabeba mbaazi nyumbani. Chai ya maziwa ina sukari nyingi mno, semeni mapema. Huyu binti anafanya kazi ya watu wawili, na mkono anao.

Nilipomaliza kula nikamwambia nina deni la mama yake, sikumbuki kiasi. Akaleta daftari. Mama aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, nami sizijui. Binti akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akasimama.

"Jina lako hakuliandika," akasema. "Ameandika 'mwanangu wa leso'. Shilingi 180."

Nikampa noti ya 200. Akapiga mstari juu ya yale maandishi, akatia mkono mkebeni, akanirudishia 20.